Makamasi ya Kijani na Chupa ya Amoksilini

Swali ni lile lile, na huja likiwa limekwisha kujijibu nusu: mtoto ana miezi mitano, makamasi yamegeuka kijani, usiku kucha anakohoa, je, apewe antibiotiki gani? Kama dawa inahitajika au haihitajiki, muulizaji hataki kujua. Kwake hilo limeshaamuliwa na rangi. Kilichobaki ni kuchagua kati ya amoksilini na Septrin, na kuambiwa vijiko vingapi. Kwa kuwa linaendelea kuulizwa, na kwa kuwa kwenye maduka mengi ya dawa hujibiwa kwa mkono kunyooshwa kwenye rafu, nalijibu leo nikianzia pale linapokosea.

Ukijani huo unatoka mwilini mwa mtoto mwenyewe. Virusi vya mafua vinapovamia utando wa pua, chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo kwa mamilioni, na ndani yake mna kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho rangi yake ya asili ni kijani. Chembe hizo zikifa na kurundikana, makamasi hubeba rangi yake. Ndiyo maana siku ya kwanza pua hutoa majimaji, siku ya tatu au ya nne makamasi huwa mazito na ya njano, halafu kijani, kisha hulainika tena yenyewe. Huo ni mwendo wa mafua ya kawaida kabisa, yasiyo na bakteria wa kuua. Amoksilini huua kwa kuzuia bakteria asijenge ukuta wake. Kirusi hakina ukuta, kwa hiyo dawa hiyo haina cha kukifanya, uipe mara mbili au mara sita kwa siku. Hapo huja pingamizi ninalolisikia kila mara: mbona mtoto wa jirani alipewa, akapona? Alipona kwa sababu dawa ilinunuliwa siku ya nne au ya tano, mafua yakiwa yameshapita kilele chake, na siku ya saba angecheka hata kama angepewa maji matupu. Kikohozi ndicho huwachanganya zaidi wazazi, kwani ni kirefu kuliko wanavyodhani: karibu nusu ya watoto bado hukohoa siku ya 10, na takriban mmoja kati ya kumi huendelea hadi siku ya 25. Mzazi asiyejua hesabu hiyo hununua chupa ya pili akiamini kwamba ya kwanza ilikuwa dhaifu.

Lipo pingamizi zito zaidi, na walioelimika ndio hulitoa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Niger, Malawi na hapa Tanzania, wilayani Kilosa, ambapo watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 59 walipewa antibiotiki iitwayo azithromaisini mara mbili kwa mwaka bila hata kuumwa, na vifo vikapungua kwa asilimia 13.5. Basi kwa nini tuwanyime wagonjwa? Soma nchi moja moja. Niger vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi 5.7, Tanzania 3.4, na hiyo 3.4 ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kutofautishwa na bahati tu. Aidha, hayo yalikuwa majaribio ya umma mzima yaliyolenga mahali penye vifo vingi vya watoto, wala hayakupima kama dawa inatibu mafua. Mtu asiyaazime kuhalalisha chupa ya dukani. (Septrin anayopewa kila siku mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ni jambo jingine, ina sababu yake, mzazi asiikatishe kwa kusoma makala haya.)

Husemwa pia kwamba kujihadhari hakudhuru. Kunadhuru. Mtoto huharisha, mdomo huota utando mweupe, na bakteria wanaobaki tumboni mwake ni wale walioizoea dawa. Mwaka 2019 usugu wa dawa ulisababisha vifo takriban milioni 1.27 duniani, na kimoja kati ya vitano kilikuwa cha mtoto chini ya miaka mitano. Baya kuliko yote, chupa humtuliza mzazi. Husubiri siku tatu dawa ifanye kazi, kumbe mtoto ana malaria ambayo haikupimwa, au nimonia inayotibiwa kwa nusu ya kipimo.

Sasa la kufanya. Acha rangi, hesabu pumzi: mtoto ametulia, nguo imepandishwa kifuani, dakika nzima kwa saa. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi akitimiza mwaka, ni za haraka mno; hapo, hata makamasi yakiwa meupe kama maji, aende zahanati leo, na huenda akahitaji amoksilini kwa kipimo cha uzito wake. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, usisubiri kuhesabu. Aliye chini ya miezi miwili ana sheria yake: joto la 37.5 au zaidi, mwili wa baridi chini ya 35.5, pumzi 60 au zaidi, au kuacha kunyonya, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, kwa sababu hapo antibiotiki ya sindano ndiyo inayookoa maisha. Kuharisha bila damu kunataka maji ya ORS na zinki. Kukiwa na damu, kituoni. Homa yoyote, apimwe malaria. Mafua matupu yanataka ziwa la mama mara kwa mara, matone ya maji ya chumvi puani, na parasetamoli kwa uzito akiwa na homa na ameshapita miezi miwili. Asali, hapana, hadi atimize mwaka. Ile chupa iliyobaki kabatini tangu mwezi uliopita usiiguse: amoksilini ikishachanganywa na maji hudumu siku 7, nyingine 14 kwenye friji, hata kama bado inanukia matunda.