Foleni ya Ndoo, Sheria ya Kamba

Shuka haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwenzake ncha ile, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yachuruzike, na hapohapo wanaulizana: unatoka wapi, unasoma kozi gani, ulimaliza shule ipi. Katika mabweni ya vyuo vya Tanzania, urafiki mwingi wa mwaka wa kwanza huanzia kwenye sakafu yenye mapovu.

Si kwamba wanafika wakiwa hawajui kufua. Aliyesoma shule ya bweni aliripoti na ndoo mkononi, maana fomu ya kujiunga iliitaja pamoja na fagio na jembe. Wengine wamepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako mafunzo ya wahitimu wa kidato cha sita yalirejeshwa mwaka 2013, na huko kombati chafu ina adhabu yake. Jambo geni kwao ni kufua mahali pasipo na kiranja, kengele wala afande. Hapo wanakutana na sheria ambazo hazijaandikwa popote, na kwa maoni yangu ndizo zinazotawala bweni kuliko karatasi yoyote aliyobandika wadeni mlangoni.

Tuangalie hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa Aprili 2017. Majengo ni 20 na wanafunzi ni 3,840, yaani watu 192 kwa jengo. Hata maji yatoke vizuri namna gani, watu wote hao hawawezi kufua kwa pamoja saa mbili asubuhi ya Jumamosi. Kwa hiyo kwenye mabweni ndoo hupanga foleni badala ya mwenyewe. Unaiweka nyuma ya ndoo ya mwisho, unarudi chumbani kunywa chai, na ndoo yako inasogezwa mbele na watu usiowajua. Anayeiruka ndoo ya mtu ameruka mtu, na ugomvi wake unaweza kudumu muhula mzima. Ndiyo maana ndoo zimeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika: namba ya chumba, jina la utani, au onyo la moja kwa moja, USIGUSE. Bomba likikauka, kama linavyokauka mara kwa mara kwenye hosteli nyingi nchini, maji huja saa nane ya usiku. Wa kwanza kusikia bomba linakoroma anapaswa kuwaamsha wenzake. Akijaza madumu yake kimya kimya na kurudi kulala, asubuhi atajulikana tu, na siku nyingine hatachotewa.

Kamba ina heshima zake. Chupi na sidiria haziachwi wazi. Zinaanikwa ndani kwenye uzi uliofungwa kati ya vitanda vya deka, au nje zikiwa zimefunikwa kanga. Nguo ya mwenzako iliyokauka unaruhusiwa kuianua ili upate nafasi, ila uikunje na kuiweka mahali safi. Kuitupa juu ya ua ni dharau. Mvua ikianza, aliyepo huanua za wote, za rafiki na za yule mliyenuniana. Nimewahi kusikia watu wakilaumiana vikali kwa sababu mmoja alianua zake tu akaziacha nyingine zilowe, na hakuna aliyemtetea.

Kuna wizi pia. Jinzi mpya, shuka nzuri na jezi ya Simba au Yanga hazilali nje, na mwenye jezi hiyo huleta kiti na kusoma notsi chini ya kamba mpaka ikauke. Ikipotea, tangazo linarushwa kwenye grupu la WhatsApp la bweni: aliyechukua kwa bahati mbaya suruali nyeusi, tafadhali airudishe. Kila mtu anajua haikuwa bahati mbaya. Lakini maneno hayo yanamwachia mwizi mlango wa kutokea, na mara nyingine alfajiri suruali hukutwa imerudi kambani, imefuliwa upya.

Hali ya hewa nayo ina mchango wake. Dodoma kuna upepo na jua kali. Nguo ya asubuhi unaivaa mchana, shida ni vumbi. Dar es Salaam wakati wa masika, Machi hadi Mei, jinzi inaweza kukaa siku tatu haijakauka na ikaanza kuvunda. Unyevu huo una hatari ambayo akina mama huwaonya watoto wao kabla ya kuondoka: yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizotandazwa chini au kivulini, na funza wake hupenya kwenye ngozi ya mvaaji. Pasi ya moto huua mayai hayo. Kwa hiyo mwenye pasi kwenye korido ni mtu mkubwa, hata kama masomo yanamshinda.

Bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likiingia, ndoo hupungua kwenye foleni kwa wiki mbili hivi, maana kina mama wa mitaa ya jirani huja kufua kwa malipo. Wanafanya kazi kwa makini, na hela wakizikuta mfukoni huzirudisha zikiwa zimelowa. Nguo za ndani hawapewi. Hizo kila mtu hufua mwenyewe, na anayezichanganya na nyingine anahesabiwa kuwa hakulelewa.

Wapo wavulana ambao hata bumu likiwepo hawamlipi mama yeyote, kwa sababu wana mpenzi. Jumatatu kijana anatetea usawa wa jinsia kwenye semina, Jumamosi anavuka uwanja na mfuko wa nguo chafu kwenda hosteli ya wasichana. Zamani jambo hili lilipita bila neno. Siku hizi mfuko hurudishwa vilevile ulivyokuja, na wasichana wa korido nzima huhakikisha ameondoka nao mchana kweupe.

Mitihani ikianza, kamba hubaki tupu. Watu huvaa kilichobaki kwenye begi, soksi zikigeuzwa ndani nje. Karatasi ya mwisho ikikusanywa, wenye aibu hufua kila kitu kabla ya kusafiri. Wengine wanapanda basi la Mwanza na begi zima chafu, mzigo wa dada au wa mama. Mama akilifungua huuliza swali moja: kwani huko chuoni maji hamna? Kijana hujibu hamna, na kwa baadhi ya wiki atakuwa amesema kweli.