Wafilipino na Siasa za Kwao na za Ng'ambo

Kila siku ya Jumapili, barabara iitwayo Chater, katikati ya mji wa Hong Kong, hufungwa magari yasipite. Badala ya magari huja wanawake kwa maelfu, nao hutandika maboksi yaliyokunjuliwa na kuketi juu yake tangu asubuhi hata jioni. Hao ni Wafilipino, watumishi wa nyumbani, na Jumapili ndiyo siku yao ya mapumziko. Hula wali pamoja, hutengenezana nywele, hufunga mizigo ya kupeleka kwao, na huzungumza. Mgeni apitaye hudhani kwamba wanazungumza habari za kazi na za mabibi zao tu. Akikaa kitako na kusikiliza, atasikia pia habari za meya wa mji fulani mdogo, za Rais, za Uchina na za Marekani.

Jambo hilo lafaa kuelezwa. Katika nchi nyingi mashauri ya nchi za nje ni kazi ya mabalozi na mawaziri, wala mkulima hayafuati sana. Kwa Mfilipino mashauri hayo ni habari ya mama, au dada, au mume aliye mbali. Apimapo tendo la serikali yake mbele ya dola nyingine, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: aliye huko atapatwa na nini?

JINSI SAFARI ZILIVYOANZA

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, upande wa kusini-mashariki wa Asia, na mji wake mkuu ni Manila. Wahispania waliitawala kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka wa 1898 Wafilipino walijitangazia uhuru, lakini mwaka huo huo Hispania iliviacha visiwa hivyo mikononi mwa Marekani na kupokea dola milioni 20, na uhuru ukangoja mpaka tarehe 4 Julai, 1946. Hata tarehe hiyo ilikuwa na ubishi ndani yake, maana ni siku ya uhuru wa Wamarekani wenyewe. Mwaka wa 1962 Rais Diosdado Macapagal aliiondoa, akaweka badala yake tarehe 12 Juni, siku ya tangazo la 1898.

Utawala wa Marekani uliacha lugha ya Kiingereza katika shule, na lugha hiyo iliwafungulia Wafilipino milango ya hospitali, ya meli na ya nyumba za matajiri duniani kote. Lakini safari zilizopangwa na serikali yenyewe zilianza zamani za Rais Ferdinand Marcos, aliyeiweka nchi chini ya sheria za kijeshi mwaka wa 1972. Kazi zilikuwa chache na fedha za kigeni zilikuwa haba, na huko Ghuba bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafula mwaka wa 1973. Mwaka wa 1974 ikatungwa sheria ya kazi iliyoweka utaratibu wa kuwapeleka watu ng'ambo. Wengi walidhani kwamba hiyo ni dawa ya muda. Miaka 50 baadaye, yaani mwaka wa 2024, fedha zilizotumwa nyumbani zilikuwa zaidi ya dola bilioni 38, karibu sehemu 8 katika kila 100 za pato la nchi.

Mwaka wa 1988 Rais Corazon Aquino alipokwenda Hong Kong aliwaita watumishi hao mashujaa wapya. Jina likashika. Tangu hapo hakuna kiongozi aliyeacha kulitumia, na si ajabu, kwa kuwa sifa ni malipo yasiyopunguza kitu katika hazina ya serikali.

KIFO CHA MWAKA WA 1995

Miaka 7 baadaye jina hilo lilitiwa katika mizani. Flor Contemplacion, mama wa watoto wanne, alikuwa mtumishi wa nyumbani katika Singapore. Mahakama ya huko ilimtia hatiani kwa kumwua mtumishi mwenziwe Mfilipino na mtoto mdogo aliyekuwa akilelewa na huyo mwenziwe. Kwao wengi walisadiki kwamba hana kosa. Rais Fidel Ramos aliomba hukumu iahirishwe, lakini Singapore ilikataa, na tarehe 17 Machi, 1995, mwanamke huyo alinyongwa.

Yaliyofuata hayakutazamiwa na serikali. Watu walijaa barabarani, na maelfu walihudhuria mazishi yake. Waziri wa mambo ya nchi za nje alijiuzulu, na balozi aliyekuwa Singapore akaitwa kurudi nyumbani. Ikumbukwe kwamba wengi wa walioandamana hawakumjua mwanamke huyo. Walimlilia kama mtu wa nyumba yao, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na mtu wake aliye katika jiko la mgeni. Hasira yao iliielekea Singapore kwanza, kisha ikageuka na kuielekea Manila: balozi alikuwa wapi miaka yote ile, na mbona ombi la Rais lilikuja siku za mwisho?

Mnamo Juni mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walio ng'ambo. Kuwalinda Wafilipino walio nje kukahesabiwa kuwa moja ya nguzo tatu za siasa ya nchi kwa mataifa mengine, pamoja na usalama wa taifa na uchumi wake. Wataalamu waweza kubishana kama nguzo hiyo ina nguvu sawa na zile mbili. Lakini hakuna Rais aliyethubutu kuisahau, na mambo mawili yanaonyesha hivyo.

La kwanza ni la Julai, 2004. Dereva mmoja wa lori, Mfilipino, alitekwa na watu wenye silaha huko Iraq, nao wakatishia kumwua isipokuwa Ufilipino iondoe askari wake. Askari hao walikuwa wapata 50 tu, lakini Marekani iliwataka wabaki, na Rais Gloria Macapagal Arroyo alikuwa rafiki wa Marekani katika vita ile. Alikuwa pia ameshinda uchaguzi miezi miwili tu iliyopita, naye alikumbuka mwaka wa 1995. Akawaondoa askari mapema kuliko ilivyopangwa, na dereva akaachiliwa. Marekani na Australia zilinung'unika kwamba tendo hilo litawatia moyo wateka nyara, na neno hilo halikuwa la upuuzi. Lakini kwao dereva alipokelewa kwa shangwe, na lawama za wageni hazikusikiwa sana.

La pili ni la mwaka wa 2018. Maiti ya mtumishi wa Kifilipino ilionekana ndani ya jokofu katika nyumba iliyoachwa huko Kuwait, baada ya kukaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Rais Rodrigo Duterte alikataza watu wapya wasipelekwe Kuwait. Watu wa ubalozi wake walipoanza kuwatorosha watumishi waliokuwa wakiteswa, Kuwait ilimfukuza balozi. Ugomvi uliisha Mei mwaka huo kwa mapatano yaliyoandikwa, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba mwajiri asishike pasipoti ya mtumishi wala asimnyang'anye simu. Wasomaji wenye jamaa katika miji ya Ghuba, ambako wanawake wa Kenya na wa Ufilipino hufanya kazi za aina moja, wataelewa mara moja uzito wa masharti hayo mawili.

KATI YA DOLA MBILI

Huko nje kuna shauri jingine, nalo ni la kukaa kati ya Marekani na Uchina. Tangu mwaka wa 1951 Ufilipino ina mkataba wa kusaidiana na Marekani katika vita. Kwa muda mrefu Wamarekani walikuwa na kambi kubwa huko, na maelfu ya watu walipata riziki kwazo. Tarehe 16 Septemba, 1991, Baraza la Seneti lilipiga kura kuhusu kuzirefushia kambi hizo muda wake. Maseneta 12 walikataa na 11 walikubali, na mwaka uliofuata askari wa mwisho waliondoka. Wengine waliona kwamba siku hiyo ndipo uhuru ulipokamilika, na wengine wakahesabu kazi zilizopotea. Mwaka wa 2014 mapatano mapya yaliwaruhusu Wamarekani kutumia kambi za Wafilipino kwa zamu, na mwaka wa 2023 kambi hizo zikaongezwa kuwa 9.

Sababu ya kugeuka huku iko baharini. Mwaka wa 2012 meli za Uchina na za Ufilipino zilikabiliana kwenye mwamba uitwao Scarborough, mahali pa uvuvi wa siku nyingi. Wavuvi ndio waliopata hasara ya kwanza. Hasara ya pili iliwapata wakulima wa ndizi, ambao pengine hawajaiona bahari hiyo hata siku moja: wakaguzi wa Uchina walikaza ukaguzi wa ndizi za Ufilipino, na shehena zikaoza bandarini. Mwaka wa 2016 baraza la wasuluhishi katika mji wa Hague liliamua kwa upande wa Ufilipino, lakini Uchina ilikataa uamuzi huo. Duterte alichagua kupatana na Uchina. Ferdinand Marcos mdogo, mwana wa yule wa kwanza, aliyeshika Urais mwaka wa 2022, ameirudia Marekani. Mtu wa kawaida huona kwamba zote mbili zina hatari. Lakini watu wenye asili ya Kifilipino walioko Marekani ni zaidi ya milioni 4, na hilo pia huelemea mizani.

JAMAA ZINAZOTAWALA

Msomaji ameona kwamba jina la Marcos limetajwa mara mbili. Rais Macapagal na Rais Arroyo nao ni baba na binti, na Rais Benigno Aquino wa mwaka wa 2010 alikuwa mwana wa Corazon Aquino. Katika majimbo ni vivyo hivyo: baba ni gavana, mama ni mbunge, kijana ni meya. Katiba ya mwaka wa 1987 yasema kwamba jamaa hizo za watawala zikatazwe kama sheria itakavyoeleza, lakini sheria kamili ya kuzieleza haijapitishwa na Bunge. Kwa kuwa wabunge wengi wametoka katika jamaa hizo hizo, sababu haihitaji kutafutwa mbali.

Jamaa hizo hazitawali kwa nguvu tu. Wafilipino wana neno kwa deni la fadhila, ambalo haliandikwi wala halisahauliwi. Mkubwa akilipa gharama ya hospitali au ya mazishi, nyumba ile humkumbuka siku ya kura. Hapo ndipo fedha za ng'ambo zilipoleta jambo jipya. Nyumba ambayo binti yake analipa hospitali kutoka Dubai haina haja ya kumwendea mkubwa. Lakini haifai kutia chumvi: jamaa kubwa bado zinashinda, na fedha za binti hulipa ada za shule ambazo serikali ilipaswa kuzipunguza.

Walioko nje wanajua nguvu yao. Mwaka wa 2015 idara ya forodha ilitaka kuyafungua maboksi makubwa ya zawadi ambayo watu hao hupeleka kwao, yajulikanayo kwa jina la balikbayan. Ndani yake mna sabuni, nyama ya kopo, viatu vya watoto. Kelele zilizotoka pande zote za dunia zilikuwa kubwa, na wengine wakatishia kuacha kutuma fedha kwa siku moja. Rais aliamuru maboksi yasifunguliwe ovyo, na mwaka uliofuata sheria ikaongeza kiasi cha mali isiyotozwa ushuru.

Kura haikuja upesi namna hiyo. Katiba ya 1987 iliwaahidi, lakini sheria ilichelewa mpaka 2003, na hata hapo wale waliohamia nje kabisa walitakiwa kuapa kwamba watarudi katika miaka mitatu. Sharti hilo liliondolewa mwaka wa 2013. Kwa uchaguzi wa 2022 walioandikishwa nje walikuwa wapata milioni 1 na laki 7, na waliopiga kura hawakufika nusu yao. Sababu kubwa ni safari. Mtumishi aliye umbali wa saa tano na ubalozi hapewi ruhusa ya siku nzima kwa ajili ya karatasi moja.

Wanasiasa hawawadharau. Tarehe 9 Machi, 2025, Duterte, aliyekwisha kutoka Urais, alihutubia umati wa Wafilipino huko Hong Kong. Siku mbili baadaye alipotua Manila alikamatwa kwa hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwa habari ya maelfu ya watu waliouawa katika vita yake ya dawa za kulevya, akasafirishwa mpaka Hague. Wafilipino wa Ulaya wakakusanyika nje ya gereza kumwimbia siku ya kuzaliwa kwake. Kwao, wajane na mama za waliouawa walishika picha za wafu wao, wakangoja kesi.

Mwezi wa Mei mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa maseneta, na kwa mara ya kwanza Wafilipino wa nchi nyingi waliweza kupiga kura kwa intaneti. Mwanamke aliweza kujifunga jikoni usiku, akachagua kwa simu ile ile anayotumia kupelekea fedha. Orodha aliyoiona ilikuwa na majina ya maseneta na ya vyama. Jina la meya wa mji wake, ambaye ndiye mwenye barabara ipitayo mbele ya nyumba anayoijenga, halikuwamo, kwa kuwa sheria haimpi aliye ng'ambo kura hiyo.