Fungate Haidai Pasipoti

Kijana wa kikosini anapokaribia kuoa, swali analoulizwa na wenzake siku hizi si la mahari wala la nyumba. Huulizwa: “Fungate mtakwenda wapi?” Akijibu kwamba watabaki nchini, hakosi wa kumcheka. Zanzibar, Mombasa na Dubai ndiyo majibu yanayotakiwa. Kwa kuikimbia aibu hiyo, wako maarusi wanaoanza maisha na deni la kukatwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Wahenga walikwisha kutuonya: kukopa arusi, kulipa matanga.

Yafaa kwanza tukumbuke maana ya neno lenyewe. Fungate, katika Kiswahili cha kale, ni saba. Kule pwani maarusi walikaa ndani siku saba, na chakula kikaletwa kutoka kwa wazazi wa bibi arusi. Nchini Rwanda nako bibi arusi alitawishwa hata siku ya gutwikurura, ndugu walipokuja na zawadi kumtoa nje. Mila zote mbili hazikudai safari. Zilidai utulivu, ili watu wawili wapate kujuana kabla ya kazi kuwatenganisha.

Basi tuchukue mfano wa maarusi wa Giheke, katika wilaya ya Rusizi, iliyokuwa zamani Cyangugu. Bwana ni askari mwenye likizo ya siku kumi. Kwao ng'ambo si mbali: Bukavu iko upande wa pili wa mto Rusizi, mwendo wa kuvuka daraja. Lakini je, wameyaona yaliyo upande wao?

Siku ya kwanza waende Kamembe, kisha wateremke hadi ufukoni mwa Ziwa Kivu. Jioni watawaona wavuvi wa sambaza wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zikiwaka juu ya maji. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha watu wengi. Sahani ya sambaza wa kukaanga, ikiliwa ufukoni na umpendaye, haina upungufu.

Siku ya pili wapande basi la njia ya Kigali, wapite penye mashamba ya chai na kuingia msitu wa Nyungwe. Msitu huu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama, wakilipa kiingilio kikubwa kuliko kile cha raia. Mna aina 13 za jamii ya nyani, wakiwamo sokwe na mbega. Pale Uwinka, tangu mwaka 2010, pana daraja lililoning'inizwa juu ya miti, urefu wake mita 160 na kimo chake kama mita 70. Bwana asijitie ushujaa. Huenda bibi ndiye atakayemshika mkono! Wachukue sweta na viatu imara, maana msituni kuna baridi, na wachague miezi ya Juni hadi Agosti, mvua inapopungua.

Siku ya tatu wageukie kusini, bonde la Bugarama. Hapo joto ni jingine kabisa, kwani bonde hilo liko mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, na ndipo mahali pa chini kuliko pote Rwanda. Mashamba ya mpunga yametanda, na jioni hiyo hiyo waweza kurudi Giheke kulala. Siku zilizobaki ni za kupumzika na kuwaamkia wazazi wa pande zote mbili.

Mwezi Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya Korona, wengi hawakuwa na hiari ila kuitembelea nchi yao, na wakashangaa kwamba hawakuwa wakiijua. Tusingoje tena kufungiwa ndipo tufumbue macho.

Wala hatusemi kwamba kusafiri nje ni kosa. Mwenye akiba na aende kwa heri. Lakini mke wa askari au wa polisi ana jambo la kupima ambalo wengine hawana. Likizo ikiisha, mumewe atarudi kazini, pengine kwenye ulinzi wa amani nchi za mbali, naye atabaki peke yake miezi mingi. Atabaki na nini? Akibaki na picha za hoteli na barua ya mkopo, upweke wake utakuwa na mzigo juu yake. Akibaki na akiba kidogo, na ziwa ambalo kila alitazamapo humkumbusha mumewe, atangoja kwa moyo mkunjufu.

Mcheza kwao hutuzwa.