Tuzibe Tundu Kabla ya Kuvika Bomba

Kati ya Desemba na Machi joto la mchana mjini Dar es Salaam huvuka nyuzi 30 za sentigredi. Gari lililokwama katika foleni ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, au ya Barabara ya Bagamoyo pale Mwenge, huwa na joto kubwa zaidi chini ya boneti. Ndipo dereva hulalamika kuwa injini imekuwa nzito, naye huambiwa gerejini alivike bomba la kuingizia hewa kitambaa cha kuzuia joto.

Uzito huo si uchawi. Hewa ikipata joto hutanuka. Ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 60, uzito wake katika ujazo ule ule hupungua kwa karibu asilimia 9, na nguvu za injini hupungua pamoja nao.

Hatupingi kuvika bomba. Lakini kitambaa huchelewesha joto tu, hakiliondoi. Foleni ikiwa ndefu, bomba hupata moto vile vile, na kitambaa hicho hicho hulizuia kupoa upesi. Gari likienda kasi, hewa hupita bombani kufumba na kufumbua, isipate nafasi ya kupashwa. Kwa hiyo faida yake ni ndogo.

Faida kubwa imo katika matengenezo. Mdomo wa bomba umewekwa na kiwanda mahali pa kuvutia hewa ya nje, na bati la kukinga joto likawekwa juu ya bomba la moshi. Bati likipotea, au mpira wa hewa ukipasuka, injini huvuta hewa ya moto iliyomo ndani ya boneti. Kuvika bomba la namna hiyo ni kupamba mtungi uliotoboka. Tena, matambara na sponji karibu na bomba la moshi huweza kuwasha moto.

Tunatoa wito kwa wakaguzi wa magari, Bara na Visiwani, watazame vipande hivyo, na chuo cha VETA cha Chang'ombe, Temeke, kiwasisitizie mafundi wanafunzi. Waheshimiwa viongozi nao wasiruhusu magari ya ofisi yangurume mlangoni mkutano mzima. Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanunuapo magari yaliyotumika Japani, wafungue boneti kwanza, ndipo wafungue mkoba.