Rekodi za Linux: Ukongwe, Wingi na Kuponea Chupuchupu

Kwa ukongwe, hakuna distro hai, yaani mkusanyo wa Linux na programu zake, ya kuigusa Slackware. Patrick Volkerding aliitoa Julai 1993 na mpaka leo yeye ndiye kiongozi wake; toleo la 15.0 lilitoka Februari 2022. Debian ilifuata mwezi mmoja tu baadaye, Ian Murdock alipoitangaza Agosti 16.

Kwa kukua, Debian ndiyo inayonishangaza. Juni 1996 toleo la 1.1 lilikuwa na vifurushi vya programu 474. Toleo la 13, la Agosti 2025, lina 69,830, na wengi wa wanaovitunza hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Anayeingiza kifurushi kwenye ghala la Debian lazima akitie sahihi yake ya kidijitali, hivyo kikileta balaa anajulikana wa kuulizwa. Nixpkgs, ghala la vifurushi la mradi wa Nix ulioanzishwa na Eelco Dolstra mwaka 2003 huko Uholanzi, imeipita Debian kwa wingi: zaidi ya vifurushi 120,000.

Mlango ulio wazi kuliko yote ni AUR, ghala la watumiaji wa Arch Linux. Ukijiandikisha tu, unaweka chako. Humo hamna programu zilizo tayari. Kuna faili liitwalo PKGBUILD linaloiambia kompyuta yako msimbo uchukuliwe wapi na ujengwe vipi. Lisome kabla ya kubonyeza chochote. Julai 2025 vifurushi vitatu vilivyojifanya vivinjari vilikutwa vikiingiza programu ya kuitawala kompyuta ya mtu kwa mbali. Viliondolewa baada ya siku mbili.

Zilizosafiri mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni CD za distro ya Ubuntu. Kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilizituma bure kwa posta duniani kote hadi 2011. Kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, kupakua CD ya megabaiti 700 kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kungechukua zaidi ya saa 27, tena kama laini haikukatika.

Rekodi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya nusu sekunde. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi kwenye Debian ya majaribio. Akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta ya mbali kwa usalama, kulikokuwa kukichukua sekunde 0.3, sasa kunachukua 0.8. Wengi wetu tungeulaumu mtandao. Yeye akafukua hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, akakuta mlango wa siri uliotegwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alisaidia kazi ya xz hadi akaaminiwa kuitunza. Ujanja wote ulikuwa kwenye ufungaji: skripti ya kuuamsha mtego ilikuwemo kwenye furushi lililogawiwa kwa distro, lakini haikuwemo kwenye msimbo wa wazi ambao kila mtu aliweza kuukagua. Freund alitangaza Machi 29. Matoleo yaliyotegwa, 5.6.0 na 5.6.1, yalikwisha kuingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora; Debian thabiti, ile inayoendesha seva, haikuwa imeguswa.