Nani Amechora? Jinsia ya Msanii katika Vibonzo
Mtahiniwa, unapohakiki kibonzo usiishie kwa wahusika. Uliza nani amekichora. Dalia Messick wa Marekani alijiita Dale, jina lisilofichua jinsia, kwa kuwa wahariri waliwabagua wachoraji wa kike. Mwaka wa 1937 Jackie Ormes, Mmarekani Mweusi, alianza kumchora Torchy Brown katika gazeti la Pittsburgh Courier: msichana wa Mississippi anayehamia New York na kung'ara jukwaani. Mlinganishe na Rosa Mistika wa Kezilahabi (1971). Wote wanaondoka nyumbani. Rosa anaangamia, Torchy anafaulu. Naona jinsia ya msanii imechangia, ila dai hilo pekee halitoshi: taja tukio (hapa Eldoret wengi husahau). Nchini Kenya, Celeste Wamiru alichora vibonzo vya kisiasa katika People Daily, uwanja uliotawaliwa na wanaume. Mwalimu, kata kibonzo gazetini, ufiche jina la mchoraji, kisha uwaulize wanafunzi wanasikia sauti ya nani.