Mwembe wa Buyenzi na hewa ya miaka iliyopita

Je, wajua kwamba mwembe uliosimama karibu na gereji za Buyenzi, jijini Bujumbura, unaweza kueleza mafundi wa hapo wamekuwa wakivuta hewa ya namna gani? Habari hizo ziko kwenye gome, tena katika milimita chache za juu.

Sehemu ya nje ya gome ni tishu iliyokufa. Utomvu haupiti humo, kwa hiyo madini mengi yanayokutwa hapo yameletwa na upepo, moshi na mvua, si mizizi. Lisogelee gome la mwembe mkongwe: limejaa nyufa, na ndani ya nyufa kuna weusi ambao mvua ya masika haikuuosha. Gome lina pia vinyweleo na nta, na nta hiyo hunasa kemikali zisizoyeyuka majini, kama mabaki ya moshi na sumu za kuulia wadudu.

Mwaka 1995 Staci Simonich na Ronald Hites wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima magome zaidi ya 200 kutoka sehemu 90 duniani. Walikuwa wakitafuta sumu za jamii ya klorini, DDT ikiwemo. Magome yaliwaonyesha kwamba zile zinazogeuka mvuke kwa urahisi husafiri hadi nchi za baridi, na zile nzito hubaki jirani na zilikotumika.

Bujumbura ina sababu zake za kuyatazama magome. Jiji limekaa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mumirwa. Mchana upepo wa ziwani huisukuma hewa kuelekea milimani. Usiku hewa baridi huteremka kutoka huko kurudi ziwani. Moshi wa majiko ya makaa na wa magari huzunguka humo humo. Ongeza malori ya Barabara ya Taifa namba 1, yanayoteremka zaidi ya mita 1,000 kutoka Bugarama, huko juu milimani, breki zikiwa za moto.

Na breki zina alama yake. Zikisagika hutoa shaba, antimoni na bariamu. Tairi huacha zinki. Risasi inaweza kuwa ya betri kuukuu zilizovunjwa, au ya petroli ya zamani, kwa kuwa Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Vumbi la kawaida huja na alumini na titani, nayo hupimwa pamoja na hayo mengine ili magari yasisingiziwe kosa la udongo wa kiangazi.

Lakini usiuendee mti wowote tu. Mkaratusi hujibambua gome, na mpera vilevile. Kumbukumbu yao ni fupi mno. Mwembe au jakaranda hufaa zaidi, mradi miti inayolinganishwa iwe ya aina moja na unene unaokaribiana. Kipande chembamba hukatwa kwa kisu safi cha chuma kisichoshika kutu, kiasi cha mita 1.5 kutoka ardhini, upande unaotazama barabara na ule wa nyuma. Kisha hukaushwa, husagwa, huyeyushwa kwa asidi, na mashine ya maabara husoma madini yaliyomo.

Gome haliwezi kusema moshi ulizidi Jumanne saa mbili asubuhi. Wala halitupi kile kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2021 linataka chembe laini kabisa zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa hayo lazima kiwepo kifaa. Ila kifaa kitakachofungwa kesho mtaa wa Rohero, humo humo jijini, hakitajua lolote kuhusu hewa ya 1990, na hapo ndipo ninapoona mti unatuzidi kabisa. Pale matawi mawili yanapobanana, gome humezwa ndani ya shina na kufungiwa humo pamoja na uchafu wa miaka ile. Mwaka 1996 Kenichi Satake na wenzake wa Japani walieleza jinsi risasi ilivyohifadhiwa katika mifuko hiyo ya magome, moshi wa siku nyingi ukiwa umeshasahaulika.

Ndiyo maana inaniuma kuona mti mkubwa wa kando ya barabara ukikatwa na kuishia tanuri la makaa bila mtu kuuchunguza. Kazi yenyewe ni ndogo. Kabla shina halijapasuliwa, ikatwe sahani moja ya mbao pale matawi yalipoachana, iandikwe jina la mtaa, aina ya mti na mwaka, ikaushwe kivulini, ipelekwe Chuo Kikuu cha Burundi. Hata ikikaa kabatini miaka kumi ikisubiri mashine, risasi iliyomo haitaoza.